Krismasi ya Kusimama

Naboua alikula chakula cha asubuhi akiwa amesimama, sahani mkononi, mgongo kwenye nguzo, macho njiani. Alitafuna harakaharaka kama mtu aliyeingia jikoni kwa wenyewe, ingawa jiko lilikuwa lake na samaki alimvua mwenyewe.

"Kaa ule kama mtu," alisema Aroita, mkewe.

"Nilikaa sana mwaka huu. Nimechoka."

"Umechoka kukaa?"

"Kupita kiasi."

Nei Kinaai, mama yake Aroita, alikuwa mkekani akichambua maua ya mashada ya Krismasi. Hakuinua kichwa. "Hata ndege wa baharini hutua," alisema. "Huyu wetu sijui anaruka kwenda wapi."

Hakuwa anakwenda popote. Alikuwa anamkimbia shemeji yake.

Kwetu kisiwani Marakei ombi la ndugu lina jina lake, bubuti, na katika kijiji chetu lina adabu zake. Haliombwi njiani. Haliombwi kwa mtu aliyesimama, kwa sababu aliyesimama ana safari yake. Unamfuata mwenzako kwake, au popote penye mkeka, mnakunywa tembo tamu la mnazi lililogemwa siku hiyo, naye anakaa mbele yako, goti kwa goti. Hapo ndipo unaposema shida yako. Na ukishaisema, mwenzako hana ujanja tena, lazima atoe. Anayemnyima ndugu aliyeomba kwa adabu atasemwa yeye, watasemwa wanawe, na hata mbwa wake akipita watu watanong'ona, yule mbwa wa yule mchoyo.

Naboua hakuwa mchoyo. Alikwisha kutoa wavu, baiskeli, na suruali ya kanisani akiwa bado ameivaa. Lakini safari hii alijua kitakachoombwa, na kitu hicho hakikuwa cha kutoa.

Kosa alilifanya kwa mdomo wake, ndani ya maneaba, ukumbi wa kijiji, mbele ya wazee. Walikuwa wakipanga Krismasi. Wageni wangetoka kijiji cha upande wa pili wa kisiwa, nao wageni hao wana macho makali na kumbukumbu ndefu. Kila nyumba ingeleta nguruwe au samaki na mashada ya maua, na zaidi ya yote ingeleta babai, gimbi letu la shimoni, kwa maana Krismasi bila babai ni mlo wa kila siku wenye nyimbo. Basi kila mwenye nyumba alipofikiwa alisema kama inavyosemwa: "Nitaleta kitu kidogo tu, msicheke." Mtu aliyeahidi kitu kidogo huenda ana babai la kumfika kiunoni. Wote wanajua, na wote hunyamaza. Ndiyo adabu.

Ilipofika zamu yake, Naboua alisimama. Sijui ni shetani gani alimsukuma. Alisema: "Babai langu la Krismasi hii litabebwa na wanaume wawili, na watapumzika njiani."

Watu wakatazamana. Mzee Tekaai, msemaji wa wazee, alichezea kiko chake kwa muda, kisha akasema, "Tumesikia." Neno hilo kwetu halina rehema.

Na lilikuwa kweli. Babai hilo alilipanda wakati mwanawe wa mwisho hajaota meno, na mwana huyo sasa anafanya kazi Tarawa, kisiwa kikuu, na ana mke. Alililisha majani ya mbolea aliyoyajua yeye na marehemu baba yake tu, akiyabeba katika kikapu kilichofunikwa, na kuyashindilia ndani ya uzio wa majani ya mkadi aliousuka kulizunguka. Aroita alikuwa akisema kwamba angelishwa yeye kwa moyo ule angekuwa mnene kama mchungaji.

Jioni ile ile, Kaiea, kaka yake Aroita, alikuja. Alikaa ukingoni mwa mkeka. Akakohoa. "Shemeji," alisema, "kuna neno."

Naboua alikuwa bado anashuka kukaa. Akasimama kama aliyekalia kaa. "Nguruwe amefunguka!" alisema, akatoka mbio. Nguruwe alikuwa amelala usingizi wa haki. Tangu hapo Naboua hakukaa tena.

*

Jumapili ya mwisho ya Majilio, kanisani, watu waliketi mikekani kusikiliza somo. Naboua alibaki wima nyuma, peke yake, kama mnazi uliosazwa na dhoruba. Kaiea alikuwa hatua chache mbele yake, na kila mara aligeuza shingo.

Katekista Bwere alisimamisha mahubiri. "Tazameni ndugu yetu Naboua!" alisema kwa furaha. "Wengine hapa husinzia kabla Injili haijafunguliwa. Yeye anakesha kwa miguu, kama wale wachungaji wa Bethlehemu!"

Kanisa zima likageuka. Naboua akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, maana hakuwa na jingine la kufanya.

"Si kukesha," mama mmoja alimnong'oneza mwenzake, kwa sauti ya kufika madhabahuni. "Ni jipu."

"Liko wapi?"

"We unadhani liko wapi?"

Kabla jua halijazama, majani ya kukandia majipu yalikwisha kuletwa nyumbani na majirani wa pande zote. Aroita aliyapokea moja moja. Alishukuru. Alijibu maswali. Alisema, ndiyo, anaendelea vizuri. Alisema, hapana, hajataka mtu amtazame. Wa mwisho alipoondoka, aliingia jikoni, akamkuta mumewe ameegemea ukuta.

"Sasa una jipu," alimwambia. "Na liko pale unapodhani."

"Nivumilie mpaka Krismasi ipite."

"Naboua, kaka yangu ana jambo."

"Ana jambo na babai langu! Mwanawe anaoa kwa hao wageni, na baba wa bwana harusi lazima aweke babai mbele ya baba wa binti. Naelewa. Lakini si ana shimo lake? Shimo lake ni kubwa kuliko langu! Anataka kunikomoa tu. Alikuwepo maneaba niliposema, na wenzake walipotazamana yeye hakucheka hata kidogo. Mtu asiyecheka ana mpango."

"Kaka yangu akiwa mzima hutukana," alisema Aroita. "Unamjua. Akija hapa huanza na pua yako, akamalizia na mapishi yangu. Siku hizi ananisalimia. Juzi ameniuliza kama nimelala vizuri. Ninaogopa."

Hilo lilikuwa na uzito. Lakini Naboua akaliweka kando. "Nikimpa, wageni tutawawekea nini? Unafikiri nani atakaa pale na kikapu cha vibabai vya kila siku, mbele ya watu wote? Ni sisi."

"Ulipojisifu hukusema sisi."

Nei Kinaai aliingia kuchukua maji. Alimtazama mkwewe kuanzia vidole vya miguu, vilivyovimba kama mashelisheli machanga, mpaka usoni. "Njoo ukae, mwanangu, nikukande miguu."

"Asante, mama. Nikandie hapa hapa nimesimama."

"Mimi si mbwa wa kuramba miguu ya mtu aliyesimama," alisema bibi, akaenda zake na maji yake.

*

Siku mbili kabla ya Krismasi, saa za alasiri, Naboua alikuwa akimhamisha nguruwe kivulini. Kamba alikwisha kuizungusha kwenye mnazi, kilichobaki ni fundo. Alianza kuchuchumaa alifunge. Hapo akamwona Kaiea anakuja njiani.

Kuchuchumaa ni nusu ya kukaa, na Naboua hakutaka kubishana sheria na shemeji. Aliinuka, akalimalizia fundo kwa vidole vya mguu.

"Hujambo, shemeji," alisema Kaiea.

"Sijambo. Nina haraka."

"Umelala vizuri?"

"Nimelala nimesimama. Kwaheri."

"Kuna neno..."

"Neno litasubiri, nguruwe hasubiri!" Naboua akazunguka nyuma ya nyumba, akajibanza kando ya pipa la maji ya mvua. Kaiea alisimama kidogo, akamtazama nguruwe, naye nguruwe akamtazama. Kisha akaondoka, mabega chini.

Fundo lililofungwa kwa mguu ni fundo la mguu. Nguruwe alivuta mara moja tu. Aroita alipopiga kelele, mnyama alikwisha kukata njia ya mashimoni, kamba inamfuata kama mkia wa pili. Naboua alitoka mbio, na kila aliyekuwa na miguu akatoka nyuma yake. Wakasikia kishindo cha maji. Nguruwe wa Krismasi alikuwa ameporomoka ndani ya shimo la Kaiea.

Sasa lazima mjue jambo moja. Shimo la babai halichunguliwi na asiye mwenyewe. Anacholisha mtu babai lake, namna anavyolifunga na upana wa majani yake ni siri za ukoo. Ukipita kando ya shimo la mwenzako unageuza uso. Kuchungulia ni kama kufunua sufuria la jirani na kuonja. Kwa hiyo wanaume wa kijiji walipofika walilizunguka shimo lile duara zima, wakaligeuzia migongo, na kuanza kumwokoa nguruwe wakiwa wanatazama minazi.

"Yuko kulia!"

"Kulia kwa nani? Tumepeana migongo!"

"Amenyamaza. Amekufa?"

"Hapana, anapumua. Au ni wewe?"

"Mwiteni kwa jina."

"Nani anamwita nguruwe wa kula kwa jina?"

Kaiea alifika anahema, mkono kiunoni. Kiuno chake ni kibovu, na watu wote wanajua. Alisukuma njia, akasimama ukingoni, mikono ameitandaza kama kuku anayefunika vifaranga. "Asiingie mtu! Nitamtoa mwenyewe!"

"Basi mtoe."

"Nitamtoa... nitamtoa kesho."

"Kesho atakuwa supu!"

"Kaka!" Aroita alipenya. "Huyo ndiye nguruwe wetu wa Krismasi! Na anakanyaga mababai yako yote, huoni?"

Kaiea hakusema lolote kuhusu mababai yake. Alikuwa akizitazama shingo za watu, moja moja, kuona kama kuna inayogeuka. Naboua aliliona hilo, na likamshangaza. Mtu ambaye nguruwe anamvunjia shamba anahofia macho?

"Nitaingia nimefumba macho," alisema Naboua. "Nyote mtakuwa mashahidi."

"Tutashuhudiaje," aliuliza mmoja, "nasi tumegeuka?"

Aroita akavua kitambaa chake cha kichwani, akamfunga mumewe macho kwa fundo la kweli. Kaiea akampisha. Hakuwa na sababu nyingine ya kukataa. Naboua akashuka kwa kinyumenyume, akiupapasa udongo.

Mtu anayeingia katika shimo la babai lazima ajikinge uso. Majani ni mapana kama mikeka, na mashina yake yamesimama kama watu sokoni. Naboua aliinua mkono kujikinga, akapiga hatua, akangoja kofi la jani la kwanza. Halikuja. Akapiga hatua nyingine. Akautandaza mkono kulia, akautandaza kushoto. Hewa. Mguu wake ukakanyaga kitu laini, kikapondeka. Akainama kukipapasa. Lilikuwa shina lililooza.

Nguruwe aliruka, na matope yakamwingia Naboua mdomoni. Yalikuwa na chumvi.

Alisimama pale, kipofu, ulimi nje. Aliikumbuka bamvua ya mwanzoni mwa mwaka, bahari ilipojaa ikavuka barabara na kulaza maji kwenye uwanja wa shule. Watu walikwenda kuuliza kila mwenye shimo upande wa bahari. Kaiea alisema, kwangu haikufika. Na tangu siku hiyo watu walimwona akienda shimoni kila asubuhi na kikapu chake kilichofunikwa, akirudi jioni, kama mtu mwenye shamba. Shimo likishakunywa bahari haliponi upesi. Mvua nyingi lazima zipite, na bamvua nyingine isije. Kaiea alikuwa akikilisha kinamasi.

"Umemwona?" watu waliita kutoka juu.

"Nitamwonaje, nimefumbwa macho!"

Akamfuata nguruwe kwa sauti, akaikanyaga kamba, akamkumbatia, wakaanguka wote wawili, na kwa muda haikujulikana kutoka juu ni nani anayekoroma. Hatimaye akapanda, mnyama begani, matope mpaka nywele. Watu wakageuka, kwa kuwa sasa palikuwa na cha kutazama kisichokuwa dhambi.

Mzee Tekaai, aliyefika mwishomwisho kwa fimbo yake, aliuliza kile ambacho hakiulizwi. "Enhe. Na hali ya humo ndani?"

Kaiea alikuwa kijivu usoni.

"Sikuona kitu, mzee," alisema Naboua. "Lakini shemeji yangu inafaa aone haya. Majani yake yamenichapa makofi mpaka nimeona nyota. Mtu atapitaje humo? Ni ukorofi huo, kupanda hivyo!"

Watu wakacheka, wakaanza kutawanyika. Aroita alimfungua mumewe kitambaa. Kilikuwa na matope, lakini hakikuwa na hata chembe ya kijani. Alikitazama, akamtazama Naboua, akamtazama kaka yake. Kisha akakikunja haraka, upande wa matope ukiwa ndani, na akamwambia nguruwe, kwa kuwa lazima amwambie mtu, "Mjinga mkubwa wee."

*

Naboua hakuoga. Alimkabidhi Aroita nguruwe, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Kaiea na matope yake, akapanda barazani. Mke wa Kaiea akatandika mkeka. Naboua akakaa.

Akakaa kwa hatua, goti, kisha kiganja, kisha mwili wote, na sauti iliyomtoka ilimfanya jirani achungulie. Akakunja miguu. Akaweka mikono mapajani. Tembo likaletwa, akalinywa.

Kaiea alikuwa amesimama kwenye nguzo.

"Kaa, shemeji," alisema Naboua.

"Sijachoka."

"Ulisema kuna neno."

"Neno limekwisha."

"Halijaanza."

"Lilikuwa dogo, nimelisahau."

Naboua akakohoa, kama wanavyokohoa waombaji, kumkumbusha. Kaiea akatazama paa. Naboua akakohoa tena, safari hii kwa nguvu, mpaka mke wa Kaiea akamletea maji.

"Siku zote hizi unanifukuza kisiwa kizima," alisema Naboua, "na leo nimekaa, unatazama makuti?"

"Na wewe siku zote hizi unakimbia, leo umekaa kwa nini?" Sauti ya Kaiea ilipasuka kidogo. "Umekaa kwa sababu ya nini, Naboua? Sema. Sitaki cha kuonewa huruma. Niliombe babai la mtu aliye... la mtu ambaye..."

"Ambaye nini? Nilikuwa nimefumbwa macho."

"Ulimi haukufumbwa."

Aroita, aliyekuwa amefika na kusimama uani, akapanda barazani akaketi kati yao bila kukaribishwa.

"Kaka," alisema, "mimi nimetangaza jipu. Nimeletewa dawa na kijiji kizima. Nimeulizwa liko wapi. Miguu ya mume wangu imekuwa mashelisheli. Omba, tafadhali, twende nyumbani."

Kaiea alimtazama dada yake. Akaachia nguzo. Akashuka polepole, kiuno kikilalamika, mpaka magoti yake yakagusana na ya Naboua.

"Naomba," alisema, "kiberiti."

"Chukua. Kingine?"

"Na tumbaku kidogo."

"Chukua. Kingine?"

Kaiea akafuta uso kwa kiganja. "Mwanangu ni kijana mzuri," alisema. "Na wale watu wana macho. Naomba babai."

"Lipi?"

"Naboua!" alisema Aroita.

"Nataka alitaje. Nimelilea mwenyewe."

"Lile," alisema Kaiea. "Lile la wanaume wawili."

Naboua alivuta pumzi ndefu. Aroita alimwona akimeza mate, na akajua anachokimeza.

"Chukua," alisema.

"Na pua yako," alisema Kaiea, machozi yakimtoka, "ni kama mdomo wa kasa."

Aroita akapumua. Kaka yake alikuwa mzima.

*

Walilichimba asubuhi iliyofuata, wao wawili. Naboua alimfungulia shemeji yake shimo, jambo ambalo baba yake asingelisamehe, na Kaiea akaingia uso ameugeuza, mpaka Naboua akamwambia, "Tazama bwana, utalichimba kwa masikio?" Kaiea akatazama. Alilitazama babai kama watu wanavyomtazama mtoto aliyezaliwa na nywele.

Lilipotoka, Naboua alikata kichwa chake chenye mashina, akakirudisha udongoni, kama inavyofanywa ili mmea uendelee. Alikishindilia pembeni, mbali na vingine. "Hiki ni chako," alisema. "Kikae kwangu mpaka maji yako yawe matamu." Kisha akaongeza haraka, "Usiniibie siri ya majani."

"Majani yenyewe nimeshayaona. Unatia machache mno."

"Machache? Limeshinda la nani?"

Walilifunika kwa mikeka, wakalifunga kwenye mti wa kubebea, wakaubeba mabegani. Walipumzika njiani. Walipumzika mara nyingi, na kila mara walitukanana vizuri.

*

Siku ya Krismasi maneaba ilinuka maua na mafuta ya nazi. Wageni walikaa upande wao, mashada vichwani, wakitazama kila kitu. Kila nyumba ilikuwa chini ya nguzo yake, chakula mbele. Mzee Tekaai alizunguka na fimbo akitangaza kilicholetwa na kila ukoo, na wageni wakiitikia.

Alifika kwa Naboua. Mbele yao palikuwa na nguruwe, naye alikuwa nguruwe mzuri. Kando yake kilikaa kikapu cha vibabai vya kila siku, vile vidogo anavyochimba mtu akiwa na njaa.

Mzee aliinama. Akatazama ndani ya kikapu. Akatazama nyuma ya Aroita. Akauliza, kwa sauti ya upole, "Wale wanaume wawili bado wanapumzika?"

Maneaba ililipuka. Walicheka wenyeji, wakacheka wageni kwa kuwa walikwisha kusimuliwa, akacheka katekista akiwa ameziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Kijana mmoja alijifanya amebeba mti begani, anayumba, anafuta jasho, na mwenzake akampokea kibabai kimoja kwa vidole viwili. Aroita alishikilia macho yake kwenye mkeka. Masikio yake yalikuwa ya moto.

Naboua alikuwa amekaa. Angeweza kusema neno moja tu, na kicheko chote kingehamia upande mwingine wa maneaba, pale Kaiea alipokuwa amekaa mbele ya mzigo uliofunikwa, ameshika goti lake.

"Ni kitu kidogo tu," alisema Naboua. "Msicheke."

Wakacheka mpaka mzee mmoja wa wageni akapaliwa.

Kisha mzigo wa Kaiea ukafunuliwa, na kicheko kikakatika. Watu walisimama nusu kuona. Baba wa binti aliliendea, akaliwekea kiganja, akaliviringisha kidogo na kulisikiliza uzito. Alikaa nalo muda mrefu. "Mwanangu hatalala njaa huku," alisema, na watu wa upande wake wakapiga makofi.

Kaiea alifungua mdomo. Alikuwa anamtazama Naboua, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kusema jambo kubwa la kijinga. Naboua akaanza kutoa mwiba wa samaki katika meno, kwa bidii, kwa vidole viwili, akakunja uso kana kwamba hapakuwa na kazi nyingine duniani.

"Kitu kidogo," alisema Kaiea hatimaye. "Msicheke."

Hakuna aliyecheka. Nei Kinaai, aliyekaa nyuma ya binti yake, alimpenyezea mkwewe kipande cha nyama ya nguruwe, kile chenye mafuta, ambacho kwa kawaida hakitoi kwa mtu.

Nyimbo zikaanza, na wacheza ngoma wakajipanga. Naboua alilegeza mgongo. Alikuwa amekaa, mkeka ulikuwa laini, na alikuwa bado anatafuna mafuta yale alipohisi mtu ameketi mbele yake, goti kwa goti. Alikuwa binamu wa marehemu baba yake, mama wa heshima. Akakohoa.

"Mwanangu," alisema, "kuna neno."

Naboua aliacha kutafuna. Nyuma ya mama yule alikuwa amekaa fundi wa mitumbwi. Nyuma ya fundi alikuwepo mmoja wa wale majirani wa majani ya majipu, na nyuma yake wengine, wakisogea taratibu mikekani kama kaa wanaoshuka pwani, kila mmoja na kikohozi chake. Ndugu zake wote walikuwa na shida kama watu wengine, na kwa muda wote ule hakuna aliyemkuta amekaa.

Aroita aliiona foleni. Alimshika mumewe bega. "Simama," alimnong'oneza. "Naboua, simama! Sema nguruwe amefunguka!"

"Nguruwe tunamla."

"Simama hivyo hivyo!"

Naboua alijaribu. Alikaza mikono, akainua nyonga kidogo, akarudi chini.

"Siwezi," alisema. "Miguu imekufa ganzi." Akameza mafuta yaliyobaki, akafuta mdomo, na akamgeukia mama wa heshima. "Karibu, mama. Haya, sema."